Wakuu, AMEUPULIZA waya mbele ya mteja wangu!

ngosha_igoma (mwenye uzi):

Wakuu, nimetoka Kirumba sasa hivi, hata viatu sijavua. Naandika kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitamsamehe, na mimi leo sitaki kumsamehe mtu.

Mnamjua. Simtaji. Yule mwenye laptopu yenye stika mpaka kwenye chaja. Yule mwenye funguo kiunoni utadhani ni askari wa zamu. Yule ukimuuliza swali anacheka kwanza ndipo anajibu, na akijibu unajuta kuuliza. Ndiye huyo huyo.

Leo, mbele ya Mama mwenye friza za sangara, mteja aliyenipa nusu ya hela kabla kazi haijaisha (mnajua wateja wa namna hiyo wamebaki wangapi hapa Mwanza?), kachomoa waya wa LAN kwenye rauta yangu, akauangalia kwa huruma kama daktari, halafu AKAUPULIZA. Fuuu! Kama mtu anachochea jiko la mkaa. Akamgeukia Mama: "Mama, huyu kijana wako alikuwa anachomeka waya una vumbi."

Vumbi! Mimi!

Rauta yenyewe ni bodi ndogo ya kompyuta yenye chipu ya ARM niliyoisuka kwa mkono, inakusanya vipima joto vya friza na kumtumia Mama meseji joto likipanda. Kila kitu nimefanya mimi isipokuwa faili moja, lile la DTS (maelezo ya vifaa vya bodi, wenyewe tunaita mti wa vifaa), kaandika yeye. Kwa msiojua: kwenye kompyuta ya mezani kadi ya mtandao iliyokaa kwenye sloti ya PCI inajitambulisha yenyewe. Kwenye bodi hizi hakuna anayejitambulisha. Kerneli, yaani moyo wa Linux, inaamka kipofu, lazima uiandikie barua: mlango wa mtandao uko anwani fulani, chipu ya PHY, ile inayoongea na waya, ni namba fulani kwenye basi la MDIO, njia ya kuiamrisha, na baina yao pameunganishwa hivi na hivi. Ukiandika uongo, kerneli inaubeba uongo hivyo hivyo mpaka asubuhi.

Na bwana yule kaandika uongo. Siku mbili nimelala kwenye godoro la Mama la stoo, nanuka sangara mpaka paka wananifuata. Taa za mlango kijani. Logi inasema kiungo kipo, gigabiti 1. Pingi, ile hodi ya kupima mtandao, haipiti HATA MOJA. Makosa ya CRC, yaani pakiti zinazofika zimeharibika, yanapanda tu. Nikishusha kasi kwa nguvu iwe megabiti 100, pakiti zinapita kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Nikampigia simu, nikamwambia tatizo liko kwenye faili lako. Akacheka. Akasema nakuja.

Akaja. Akaupuliza.

Sasa sikilizeni uchawi. Baada ya kuupuliza akakaa na laptopu "kupima kidogo", akaandika kitu, akaikompaili, akawasha upya. Pingi hiyoo. Mama akapiga makofi! Akamletea soda ya baridi. Mimi wa siku mbili sikupewa hata maji.

Alipoondoka nikafungua faili. Jana lilisema phy-mode = "rgmii". Leo linasema "rgmii-id". Kistari na herufi mbili! Kwenye gigabiti mapigo ya RGMII (njia ya data kati ya mlango wa mtandao na PHY) ni megahezi 125, data inapanda kwenye kila ukingo wa pigo, kwa hiyo mapigo yanatakiwa yachelewe kama nanosekunde 2 yaangukie katikati ya data. Hakuna aliyeyachelewesha, maana faili lake liliiambia kerneli hakuna haja. Kwenye 100 mapigo ni megahezi 25, nafasi tele, kosa linajificha.

Karekebisha kosa lake kimyakimya na sifa akaupa mdomo wake. Fuuu! Bado naisikia.

sato_mkavu:
Soda gani?

mjukuu_wa_Pasiansi:
Weka picha ya waya, mkuu. Huenda kweli una vumbi.

fundi_asiyelala:
Ngosha, nikuambie bila kukuficha. Kiungo kikikubali 100 na kukataa gigabiti, mtu wa kwanza kushukiwa ni waya. 100 inatumia jozi mbili, gigabiti inataka zote nne. Alikuwa na haki ya kuuchomoa.

ngosha_igoma:
Kuuchomoa SAWA. Je, kuupuliza? Kuna jozi inayopona kwa kupulizwa?

mjukuu_wa_Pasiansi:
Kwa hiyo wewe unalilia pumzi.

mzee_wa_bodi:
Na wewe mwenye uzi umekosea kidogo, vijana wote mnakosea hapo. Neno hilo haliiamrishi chipu, linaeleza BODI ilivyo. "rgmii" tupu maana yake njia za shaba kwenye bodi zenyewe zimerefushwa ili zicheleweshe mapigo. "rgmii-id" maana yake bodi haijachelewesha kitu, kwa hiyo PHY au MAC (mlango wa mtandao wenyewe) wabebe wenyewe. Wengi wanaliandika kwa kubahatisha mpaka pingi ipite, kisha wanaita ujuzi.

ngosha_igoma:
Mzee, shikamoo. Lakini aliupuliza.

mzee_wa_bodi:
Marahaba. Nimesoma.

dada_wa_Buzuruga:
Pole yako ni ndogo. Mimi huyo huyo (najua ni yeye, huo ndio ucheshi wake) kanipa DTS yenye PHY namba 0 wakati kwenye bodi imefungwa kuwa namba 1. Kerneli inabisha hodi mlango ambao hauna mtu. Wiki nzima. Nikamuuliza, akasema labda chipu imekufa. Nikanunua bodi nyingine! Nayo "ikafa".

ngosha_igoma:
Alicheka kwanza?

dada_wa_Buzuruga:
Sana.

kamanga_feri:
Ya kwangu mwayaonaje: bodi kumi za shule moja, hakuna hata moja iliyoandikiwa anwani ya MAC, kile kitambulisho cha kudumu cha mlango wa mtandao. Kila zikiwashwa upya draiva inajitungia anwani mpya ya bahati nasibu. Umeme unakatika mara nne kwa siku. Kufika saa nane mchana seva ya DHCP, ile inayogawia vifaa anwani za IP, imezigawa zote kwa mizimu, mwalimu mkuu anauliza kwa nini simu yake haiingii.

fundi_asiyelala:
😂😂 mizimu ya MAC

mzee_wa_bodi:
Mnalalamikia mti wa vifaa kwa kuwa hamkuona kilichokuwepo. Zamani kila bodi ya ARM ilikuwa na faili lake la C ndani ya kerneli yenyewe, milango, namba, kila kitu. Ikawa fujo mpaka Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akawaka hadharani mwaka 2011. Ndipo ARM wakageukia mti, ambao haukuwa mpya, ulitoka kwenye Open Firmware za mashine za Sun na PowerPC. Shukuruni.

sato_mkavu:
Mzee, nani kakuuliza historia? Mtu kapulizwa hapa.

ngosha_igoma:
Waya ndio umepulizwa. Mimi nimedhalilishwa.

kamanga_feri:
Wewe unadai alirekebisha kimyakimya. Wa kwangu hata kurekebisha harekebishi, anakuambia "zima, washa".

dada_wa_Buzuruga:
Na ukimwambia umezima umewasha, anakuambia hukuzima vizuri.

bwashee_wa_mwaloni:
Samahanini, napita tu. Huyo Mama wa friza anauza mabondo (vibofu vya sangara) pia?

ngosha_igoma:
Mkuu, huu ni uzi wa mambo mengine.

bwashee_wa_mwaloni:
Naelewa. Lakini kama ana sangara wa kujaza friza, mabondo anampelekea nani?

sato_mkavu:
Swali zuri. Mimi pia nanunua mabondo, makavu, siyo yale ya kulowekwa yaongezeke uzito.

fundi_asiyelala:
Hao wa kuloweka ndio wanafaa kufunguliwa uzi wao. Mimi niliuziwa kilo tatu, zikakauka zikawa mbili kasoro.

kamanga_feri:
Mbili kasoro ngapi?

ngosha_igoma:
Jamani. Kesho narudi kwake kuchukua nusu iliyobaki. Mama kanipigia muda huu, anasema rauta nyingine ya ofisini inasumbua, nimwite "yule kijana anayepuliza".

bwashee_wa_mwaloni:
Ukifika muulizie mabondo.