Spidomita inasema 100, simu inasema 93: nani mkweli?

Dereva_Nakuru: Wadau, gari ni la Japani, tairi 195/65R15. Kutoka Nakuru kwenda Gilgil mshale ukigonga 100, GPS ya simu inaonyesha 93. Fundi anataka nibadilishe dashibodi nzima. Ni lazima?

FundiUmeme_Ksm: Usitoe hela. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 hairuhusu spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, ila inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 ya mwendo huo na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo ukiwa 93, mshale unaweza kufika hata 106 bila kosa. Watengenezaji huzidisha makusudi.

Angalia tairi kwanza. Gari huhesabu mizunguko tu, halijui ukubwa wa gurudumu. Meno ya tairi yakiisha kutoka kina cha milimita 8 hadi 1.6, kipenyo hupungua karibu asilimia 2 na mshale unazidi kudanganya.

Mama_Spea: Hatari iko upande wa pili jamani. Ukiweka tairi kubwa ya 205/70R15 ili gari liinuke kwa barabara za vijijini, kipenyo kinatoka milimita 634 hadi 668. Mshale unasoma chini kwa asilimia 5 hivi kuliko awali, na kamera ya polisi haijali dashibodi yako.

FundiUmeme_Ksm: Ukipima, tafuta sehemu tambarare iliyonyooka, shika mwendo mmoja sekunde 10 hivi, abiria ndiye asome simu. Kwenye kona za Mau Summit GPS huchelewa. Mshale ukirukaruka, hapo sasa kagua sensa (kifaa kinachopima mizunguko) na waya zake.