Projekta ya laki na themanini: chini inasoma, juu ukungu. Nimekosea wapi?

Mpangaji_Tabata

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaitupa hii kitu, kurudisha dukani siwezi maana risiti imeandikwa kabisa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nimenunua projekta mwezi uliopita Kariakoo, 180,000, boksi limeandikwa lumeni 9,000 (ndio kipimo cha mwanga) na 4K. Jamaa aliniwashia kwenye kona moja ya duka lake ina giza, picha ikatoka kubwa kama gazeti lililofunguliwa, inang'aa hatari, nikatoa hela. Nyumbani ni hadithi nyingine kabisa.

Sebule yangu ni kama mita 4 kwa 3 na nusu. Nimeiweka nyuma kabisa juu ya stuli fupi, na kwa sababu mbele kuna kabati nikaweka kamusi ya mtoto chini ya miguu ya mbele ili projekta iangalie juu, picha ikawa pana juu nyembamba chini kama ndoo, nikaingia kwenye menyu nikavuta ile kistoni, setingi ya kunyoosha picha iliyopinda, mpaka mwisho ikanyooka. Nikashangilia. Sasa matatizo yenyewe: maandishi ya chini yanasomeka vizuri ila juu ni ukungu, nikizungusha fokasi juu ikae sawa chini panaharibika. Filamu ikiwa ya usiku tunaona macho ya watu tu. Rangi zote kama kuna taa ya bluu. Sauti nimeunga sabufa kwa bluetooth, mtu anafunga mdomo ndio neno linafika. Na nikirusha Netflix kutoka kwenye simu nasikia sauti picha nyeusi tii.

Mama watoto kaniuliza kwa upole kabisa ile TV ya inchi 32 niliyompa shemeji nitaifuata lini. Nisaidieni.

Chizi_Maarifa

lumeni 9,000 kwa laki na themanini? mkuu umeuziwa stika, projekta wamekupa nyongeza 😂

FundiWaya

Msimcheke jamaa, wengi tumepita humo humo. Tuanze na ukungu maana hapo ndipo umejiumiza mwenyewe bila kujua.

Mkuu hiyo kamusi itoe. Lenzi ya projekta inatakiwa itazamane na ukuta uso kwa uso. Ukiiinua pua juu, sehemu ya juu ya picha inakuwa mbali zaidi na lenzi kuliko ya chini, na hizi lenzi za bei yetu haziwezi kushika umbali mbili kwa wakati mmoja, ndio maana unabembeleza juu chini panakukimbia. Kistoni haitibu hilo. Kistoni inachofanya ni kuchukua picha yako kuibana kwenye kioo cha ndani kinachotengeneza picha, kingo zinazobaki zinazimwa, kwa hiyo unapoteza pikseli, yaani zile nukta za picha, na mwanga unaotoka kwenye hizo kingo unapotea bure. Umevuta mpaka mwisho maana yake umenunua projekta unatumia robo tatu yake. Rudisha sifuri, halafu nyoosha projekta yenyewe kwa mikono.

Fanya hivi. Iweke juu ya meza iliyo sawa kabisa, hata kwa kupima na chupa ya maji iliyolala, kistoni sifuri, washa, uangalie picha inaangukia wapi. Ziko zinazopiga mbele moja kwa moja, lenzi inakuwa usawa wa katikati ya picha, na ziko zinazopandisha kidogo, lenzi inakuwa usawa wa ukingo wa chini. Ukishajua yako ni ipi ndio unajua stuli iwe na urefu gani. Hiyo stuli fupi ndio imeleta mambo yote ya kamusi.

Fokasi usiifanye kwenye picha ya mtu, weka maandishi, menyu ya simu au ya dekoda inatosha, na usiifanye ikiwa imewashwa sasa hivi. Iache dakika 15 au 20 ipate moto kwanza kwa sababu lenzi ikipata joto fokasi inasogea. Na usiilenge katikati tu, lenga nusu ya njia kati ya katikati na kona, katikati inapungua kidogo sana huoni ila kona zinapona.

Halafu tuambie, picha yako ina upana gani? Pima kwa tepu, usiniambie inchi za kwenye boksi.

Mpangaji_Tabata

@FundiWaya nimepima sasa hivi, upana mita 2 na sentimita 66, kutoka lenzi mpaka ukutani mita 3.6.

FundiWaya

Hapo sasa. 3.6 gawa kwa 2.66 unapata kama 1.35. Hiyo namba ni ya lenzi yako haibadiliki, kila upana wa picha unaoutaka zidisha kwa 1.35 unapata umbali wa kuiweka. Na upana wa 2.66 ni inchi 120 mkuu! Unawasha tochi ndogo unataka iangaze uwanja.

Mvita_Baharini

Salaam. Mie niko Mombasa nilikuwa na shida iyo iyo ya giza, suluhisho ingia menyu kuna zum, punguza iwe 70, picha inakuwa ndogo, bila kusogeza kitu. Na ukuta pia, ukuta wako rangi gani? Wangu ulikuwa krimu, yaani kila kitu kilikuwa kama kimemwagiwa chai. Nikajaribu shuka jeupe, usijaribu, mwanga unapita nyuma na feni ikipuliza waigizaji wanacheza chakacha. Nikaenda kwa wale wanaochapisha mabango ya matangazo nikanunua kipande cha lile turubai lao kisichochapishwa, upande usiong'aa, juu mbao chini bomba la plastiki la maji liwe zito linyooke. Walahi hutaki skrini ya dukani. Kingo nikazibandika kitambaa cheusi upana wa viganja viwili, sijui ni macho tu lakini picha ilikaa kama imepata nguvu.

FundiWaya

@Mvita_Baharini turubai nakuunga mkono asilimia mia, zum hapana. Zum ya kwenye menyu ni ndugu yake kistoni, inaikunja picha ndani ya kioo, taa inabaki inamulika eneo lile lile, kwa hiyo unapata picha ndogo yenye giza badala ya kubwa yenye giza, pikseli umetupa, na ukitazama vizuri utaona fremu ya kijivu pembeni, huo ndio mwanga unaopotea. Ukitaka picha ndogo inayong'aa isogeze projekta mbele kwa miguu yako.

Mvita_Baharini

Kumbe ile kijivu ndio hiyo. Nimeishi nayo mwaka mzima nikidhani ni turubai.

Mstaafu_wa_Kibanda

Naomba niongee kidogo, nimeendesha kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha mechi na filamu, miaka sita, projekta zimepita mikononi mwangu mpaka nikachoka.

Mwanga kijana wangu ni kama uji, ukiutandaza kwenye sahani kubwa unakuwa mwembamba. Toka inchi 120 uje 80 eneo linapungua zaidi ya mara mbili, kwa hiyo picha inang'aa zaidi ya mara mbili bila kuongeza senti. Inchi 80 ni upana kama mita 1.77, kwa hesabu ya fundi hapo juu unaiweka mita 2.4 kutoka ukutani. Watu watakaa nyuma yake na pembeni, hakuna shida, kibandani kwangu tulikuwa tunakaa mpaka chini ya meza ya projekta.

Zile namba za kwenye boksi zisikuumize kichwa. Namba ya kuulizia dukani ni lumeni za ANSI, hiyo ni taasisi ya viwango ya Marekani, wao wanawasha picha nyeupe, wanaigawa vipande tisa, wanapima mwanga kila kipande, wanachukua wastani wanazidisha na eneo la picha. Mimi niliwahi kujaribu kienyeji na programu ya simu inayopima mwanga, simu si kipimo cha kuaminika sana lakini inakupa picha, projekta iliyoandikwa 12,000, upana mita 2.2 kimo 1.25, wastani ukaja laksi 70 hivi, laksi ni lumeni kwa kila mita ya mraba. Zidisha mwenyewe. Haifiki 200. Na hata hiyo 4K ni hivyo hivyo, wanamaanisha inaweza kupokea video ya 4K, ila kioo cha ndani kina mistari 1080 au 720 ya pikseli, wengine hata chini ya hapo. Tafuta kwenye kikaratasi neno "native", hiyo ndio rizolusheni yake ya kweli, yaani idadi ya pikseli, na kama unaunga laptopu iweke hiyo hiyo.

Lakini pia usiikatie tamaa. Giza tupu inchi 80 hata hizo lumeni 150 zinakutosha. Shida ni giza lenyewe. Zima taa ya korido, pazia nene, ile taa ya dekoda inayomulika bandika stika. Projekta haina rangi nyeusi, weusi unaouona ni ukuta ambao haujamulikwa, sasa kama taa ya jikoni inaumulika huo weusi utatoka wapi? Ndio maana mechi ya saa kumi jioni jua likiwa bado lipo usihangaike nayo, sisi tulikuwa tunaziba mpaka tundu za misumari kwenye mabati.

Rangi sasa. Ondoa hiyo hali ya "dynamic" au "vivid", hapo ndipo bluu inapotoka, kiwandani wanaiweka hivyo ili ionekane kali dukani. Joto la rangi weka "warm". Halafu tafuta video yenye mtu mwenye nywele nyeusi amesimama kivulini, isimamishe. Ile setingi wanaita "brightness" ishushe mpaka nywele ziwe bonge moja la lami, halafu pandisha taratibu mpaka uanze kuona nywele na kivuli ni vitu viwili, acha hapo. Kisha tafuta mtu aliyevaa kanzu nyeupe juani, "contrast" ipandishe mpaka mikunjo ya kanzu ipotee, rudisha nyuma mpaka mikunjo irudi. Ukimaliza rudia ya kwanza maana zinavutana. "Sharpness" shusha karibu na sifuri, hiyo inachora mistari kwenye uso wa mtu tu.

La mwisho, ipe nafasi ipumue. Usiiegemeze ukutani wala kuiweka ndani ya kabati, Dar na hili joto feni yake inajitahidi tu. Na kichujio cha sponji kama kinachomoka kipangushe kila wiki mbili.

mamaZ

Sauti na Netflix niachieni mimi. Bluetooth inachelewa tu, iko hivyo. Nunua waya wa AUX mrefu kutoka kwenye tundu la hedifoni la projekta mpaka kwenye sabufa, tatizo limeisha, mimi mita 5 nimepitisha chini ya zulia. Netflix picha nyeusi ni kwa sababu wanazuia kurushwa hivyo kutoka kwenye simu, ni ulinzi wa hakimiliki, si ubovu wa simu yako wala projekta. Chukua zile stiki za TV zinazochomekwa HDMI, uhakikishe ina kibali cha Netflix siyo kila stiki inayo. Na usiichomeke umeme wake kwenye USB ya projekta!! haitoshelezi, inakuwa inajizima yenyewe katikati ya muvi unahisi umerogwa. Tumia adapta yake ukutani.

Na watoto wasichungulie lenzi ikiwa imewashwa kaka, wangu walikuwa wanashindana.

Mpangaji_Tabata

Wakuu nimerudi, jana Jumamosi nimeshinda na tepu na chupa ya maji kama fundi ujenzi.

Yangu inapiga mbele moja kwa moja, katikati. Nimeazima stuli ndefu ya jikoni kwa jirani, kutundika darini nimeshindwa maana mwenye nyumba hataki kusikia drili. Nimehamisha kabati, projekta iko mita 2.4 katikati ya makochi mawili, kistoni sifuri, kamusi imerudi kwa mwenyewe. Turubai bado, nimebandika karatasi za manila nyeupe nne kwanza, kiungio kinaonekana kidogo. Nimefanya ya nywele na ya kanzu. Aisee. Nimewasha filamu ile ile ya usiku ambayo tulikuwa tunaona macho, kumbe jamaa alikuwa amesimama mbele ya gari, na gari lina namba, na namba zinasomeka. Mama watoto kakaa mpaka saa sita usiku, ya shemeji hajaitaja.

Limebaki moja, kuna doa kama la mviringo, limefifia, kulia juu, linaonekana picha ikiwa nyeusi tu. Lenzi nimefuta na kitambaa cha miwani halijatoka.

Mstaafu_wa_Kibanda

Vumbi, na liko ndani juu ya kioo, la kwenye lenzi ya nje lisingeonekana hivyo. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Jaribu ile pampu ndogo ya mpira ya wapiga picha kwenye matundu ya hewa ikiwa imezimwa na imepoa. Likigoma inabidi kufungua, na kama hujawahi kufungua vitu vya hivi, bora uishi nalo.

Mpangaji_Tabata

Nitaishi nalo. Sasa nani ana dawa ya mijusi? Wadudu wanafuata mwanga wa manila, mijusi wanafuata wadudu, jana dakika ya 88 kona inapigwa mjusi kakaa golini kabisa, watoto wakamshangilia yeye.

Chizi_Maarifa

huyo ndiye kipa wa stika yako mkuu, mwache 😂