Mjadala: "Wananchi wenye hasira kali", je, magazeti yanawasafisha wauaji?

Mwalimu wa lugha, Morogoro

Naleta sentensi moja mezani. Msomaji wa magazeti ya Kiswahili Tanzania ameshaisoma mara nyingi, hubadilika jina la mtaa tu:

"Mtu mmoja anayesadikiwa kuwa mwizi, ambaye jina lake halikufahamika mara moja, ameuawa na wananchi wenye hasira kali baada ya kukutwa akiiba pikipiki."

Isomeni polepole. "Anayesadikiwa" inaonekana kama tahadhari, lakini haisemi ni nani anayesadiki. Na kabla sentensi haijaisha, tahadhari yenyewe imeshatupwa: "baada ya kukutwa akiiba". Hapo wizi si tuhuma tena, ni jambo lililotokea, na mwandishi hakuwepo. Waliomuua wamepewa neno letu la heshima, wananchi, wenye nchi yao. Aliyekufa ametolewa humo, amebaki "mtu mmoja". Halafu "hasira kali" inasimama kama sababu inayojitosheleza, mfano wa mvua kubwa iliyosomba daraja.

Hoja yangu ni hii: kwa kurudiwa miaka nenda miaka rudi, maneno haya yamemzoesha msomaji kuyaona mauaji ya kundi kama adhabu iliyozidi kipimo kidogo, si jinai. Anayepinga apinge.

Mhariri wa habari, Dar es Salaam

Napinga, mwalimu, kwa heshima zote. Tuangalie habari hiyo inavyotengenezwa. Kamanda wa Polisi wa Mkoa anatoa taarifa mchana. Mwandishi wa mkoani, ambaye mara nyingi analipwa kwa kila habari inayochapwa, anaituma jioni pamoja na nyingine tatu. Chumba cha habari kinaipa maneno 80 kwenye safu ya habari fupi. "Wananchi wenye hasira kali" mara nyingi yamo tayari kwenye kauli ya kamanda. Hatukuyatunga sisi.

Na chanzo cha mauaji hayo si sarufi. Watu wanamkabidhi mtu polisi Jumatatu, Jumatano wanamwona kijiweni. Anayeokota jiwe saa nane usiku hajatoka kusoma gazeti.

Kuna na suala la nafasi. "Mwizi auawa" ni herufi 10, na ukihesabu nafasi katikati ni 11. "Auawa kwa tuhuma za wizi" ni 24. Kwenye safu moja, hiyo ya pili inakula mistari mitatu.

Msanifu kurasa

Hesabu ya mhariri ni sahihi, ila amechagua mfano unaombeba. Chukua "Kibaka achomwa moto": 19. Sasa chukua "Kundi laua kijana": 17. Kichwa kinachomtaja mtenda kimekuwa kifupi kuliko kinachomficha.

Tatizo liko kwenye kile kiambishi cha kutendwa, -w-. Auawa, achomwa, apigwa. Kauli ya kutendwa inamweka marehemu mwanzoni na kumruhusu mwandishi afunge sentensi bila kusema nani kafanya. Kauli ya kutenda haikuachii mwanya huo: ukiandika "laua" lazima useme ni nani aliyeua. Na kichwa ndicho kinachobeba uzito wote, kwa sababu wanaosimama mbele ya meza ya muuza magazeti wakasoma kurasa za mbele bila kununua ni wengi kuliko wanaofungua ndani.

Wakili, Mwanza

Niongeze upande wa sheria, maana hapo ndipo magazeti yanaumiza zaidi.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Huyu wa kwenye habari hata kushtakiwa hakufika. Kwa upande wa pili, Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 22 na 23, haimtafuti aliyepiga pigo la mwisho peke yake. Aliyeleta tairi, aliyetoa petroli, aliyehimiza kwa kelele ili wenzake wapige, wote wanaweza kushtakiwa kwa mauaji chini ya kifungu cha 196. Ni nadra sana kulikuta jambo hilo kwenye habari ya namna hii.

Badala yake aya ya mwisho husema kamanda "amewaasa wananchi waache kujichukulia sheria mkononi". Tazameni maneno hayo vizuri. Yanakubali kwamba kilichokuwa mkononi kilikuwa sheria, kosa ni kuichukua bila ruhusa. Hakuna sheria ya Tanzania inayompa mwizi wa pikipiki adhabu ya kifo. Kilichokuwa mkononi ni jiwe.

Kuhusu Jumatano kijiweni, mhariri, gazeti nalo lina sehemu yake. Wizi wa kawaida una dhamana. Unyang'anyi wa kutumia silaha na mauaji havina. Mkiandika "aachiwa" pale ambapo mtu amedhaminiwa na kesi inaendelea, msomaji anaelewa kuwa polisi wamekula rushwa. Andikeni "apata dhamana", kisha mtaje tarehe ambayo kesi itatajwa tena.

Mwandishi wa mahakama, Nairobi

Huku Kenya tunaandika "mshukiwa", na kundi huitwa "umati wenye ghadhabu". Umati si wananchi, kwa hiyo kwa kiasi fulani tumeepuka mtego wa mwalimu. Lakini watu bado wanateketezwa. Ndiyo maana nawaomba msitegemee kubadilisha neno peke yake.

Wanaosoma mambo ya habari hupenda kuutaja utafiti wa Chapel Hill, Marekani, wa uchaguzi wa 1968. Watafiti McCombs na Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani, wakakuta mambo waliyoyaona muhimu yanafanana sana na yale yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari. Kufanana huko pekee hakuthibitishi nani alimfuata nani. Ninachokichukua mimi ni nafasi: habari ya mauaji inayopewa maneno 80 kila mara inamwambia msomaji kuwa jambo lenyewe lina uzito wa maneno 80.

Mwalimu wa lugha

Nakubali, ndugu yangu wa Nairobi. Ila msidharau neno. Magazeti haya haya yalikuwa yakiandika "zeruzeru", wakaja na "albino", leo mengi yanaandika "mtu mwenye ualbino". Neno halikuzuia panga, sitadai hivyo. Lilichofanya ni kumrudisha mtu kwenye sentensi, na mtu akishakuwemo msomaji anauliza nani kamuua.

Hii hapa habari ile ile, ndani ya nafasi ile ile:

"Kundi la watu limempiga kijana hadi kumuua katika mtaa huu usiku wa kuamkia jana, likimtuhumu kuiba pikipiki. Polisi wamesema hawajamkamata yeyote kwa mauaji hayo."

Neno "likimtuhumu" linaonyesha tuhuma ni ya nani. Sentensi ya pili inahitaji swali moja tu kwa kamanda: mmemkamata nani?

Mhariri wa habari

Kichwa nakikubali, msanifu amenishinda kwa herufi. "Likimtuhumu" pia nakubali. Lakini kamanda akisema "wananchi wenye hasira kali", siwezi kumbadilishia kauli.

Wakili

Usimbadilishie. Weka alama za kunukuu na jina lake. Msomaji ajue ni maneno ya kamanda, si ya gazeti.

Mhariri wa habari

Sawa. Linabaki la "jina halikufahamika mara moja". Siwezi kutaja jina kabla ndugu hawajaambiwa.

Mwandishi wa mahakama, Nairobi

Hilo ni sahihi kabisa. Lakini "mara moja" ni ahadi, na gazeti halirudi kuitimiza. Mpigie kamanda simu siku ya tatu: jina, umri, pikipiki ilikuwa ya nani, kuna aliyefikishwa mahakamani?

Mhariri wa habari

Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyochapwa. Hatapiga simu hiyo kwa gharama yake.

Mwandishi wa mahakama, Nairobi

Basi gazeti liilipe habari ya pili kama lilivyoilipa ya kwanza.