Mechi ya nyumbani kwenye uwanja wa kuazima: tiketi, vyoo na nauli anabeba nani?

Katibu wa Tandika ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa tawi dogo la Simba huku Tandika. Msione cheo, kazi yenyewe ni kuandika majina kwenye daftari, kupokea hela za watu na kusemwa zikipungua.

Kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa hapa Dar, sisi hatupandi hata daladala. Tunatoka na ngoma yetu, tunashuka kwa miguu mpaka uwanjani. Mtu akiwa na 5,000 ya mzunguko, yaani viti vya bei ya chini, kwenye N-Card (kadi ya kulipia tiketi) na hela ya maji, ameshaenda mpirani. Mama ntilie wetu, ambaye faida yake anaihesabu kwa mia mia, hakosi mechi ya kimataifa.

Sasa msimu wa 2024/25 mliuona. Robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Al Masry tulicheza Lupaso, yaani hapo hapo Kwa Mkapa, tarehe 9 Aprili 2025, tukapita kwa penalti. Baada ya hapo safari za Zanzibar. Nusu fainali na Stellenbosch ikachezwa Amaan, Jumapili ya Pasaka, faulo ya Ahoua ikatupa bao moja. Mei 25 fainali ya marudiano na Berkane nayo ikaenda huko huko kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa lilionekana halifai. Sare ya 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1. Ya uwanjani tuyaache, yalishaliliwa.

Mimi nauliza ya daftari. Nauli ya boti ya kwenda peke yake ingewaingiza watu watano mzunguko Kwa Mkapa. Bado kurudi, kula na pa kulala, maana mechi ya jioni ikimalizika boti za kasi zimeshaondoka. Kwenye orodha yangu ya Al Masry majina yalijaa kurasa mbili. Ya Pasaka haikujaza nusu ukurasa, na mama ntilie hayumo. Waliokwenda ni wenye ndugu Mwanakwerekwe na wenye mishahara.

Halafu kuna nafasi. Mkapa unachukua watu 60,000. Amaan mpya ni kama 15,000. Maana yake kati ya kila wanne waliokuwa wanaingia, watatu hawana kiti hata kabla bei haijatajwa. Hapo ndipo mlanguzi anapoota. Tiketi mkononi mwa mtu nje ya geti ilikuwa ikipanda kila dakika, na anayeiuza hana hata jezi.

La pili ni huduma. Msimu huo huo tuliifuata timu kwenye uwanja mmoja wa mkoani ambao wenyeji wake wenyewe wanauazima. Sitautaja. Choo cha wanawake kilikuwa kimoja kilichofunguliwa, maji hakuna, na mlangoni kuna kijana amekaa na pipa la bluu anauza maji kwa kikombe. Si mfanyakazi wa uwanja, ni mjasiriamali tu aliyeona fursa. Wadada wa tawi walisimama foleni kuanzia mapumziko, bao la pili wakalisikia kwa kelele. Nikamfuata mtu aliyevaa kizibao cha usimamizi. Akasema, "Hiyo ni ya wenye uwanja." Nikamtafuta wa uwanja. Akasema, "Sisi tumekodisha tu, waulize wenye mechi." Nikabaki nimesimama katikati kama mpira wa kona usio na mpigaji.

Kwa hiyo wakuu: klabu ikicheza nyumbani kwenye uwanja wa watu, kiingilio kinapangwaje? Kuna sababu ya kulipa bei ile ile au zaidi wakati safari ni yangu, kiti ni kibovu na choo hakina mwenyewe? Na wenyeji wa Unguja, nina mzee wangu wa tawi, fundi cherehani mstaafu, goti moja halikunji. Nikija naye Amaan atapata shida?

---

Jangwani Damu:

Klabu ya mwaka 1936 mpaka leo inaazima kiti cha kukalia. Jengeni kwenu, mkuu, maswali yote yataisha.

---

Katibu wa Tandika:

Na Yanga yenu ya mwaka 1935 inachezea wapi? Au ule uwanja wenu wa Kaunda pale Jangwani, unaojaa maji, siku hizi mnaingia kwa mtumbwi?

---

Jangwani Damu:

😂 Haya, yaishe. Ila kwa kweli na sisi tumezunguka sana. Chamazi, KMC, Kwa Mkapa, kila sehemu mlango tofauti na utaratibu tofauti. Ndiyo maana niko kwenye uzi huu.

---

Dada wa Ng'ambo:

Kaka katibu, karibu Unguja wakati wowote. Ila naomba nikwambie na upande wetu kidogo, maana kila mada ya Amaan nakuta watu wa Dar wanaeleza walivyoteseka kuvuka maji.

Sisi maji hayo tunavuka tangu tunazaliwa. Baba yangu ni Simba wa kulia machozi. Kila mechi kubwa ilikuwa ni boti, kulala kwa shemeji Temeke, na kurudi Jumatatu kazini na usingizi. Pasaka ile ndiyo ametoka nyumbani ameshakula, akaenda na wajukuu wawili, na magharibi kaswali msikiti wake. Wewe unasema uwanja wa kuazima. Yeye anasema kaazimwa timu! Kwa hiyo wanaposema bei ipunguzwe kwa sababu ya safari, mimi nauliza safari ya nani.

Hilo la viti nakubaliana nawe. Uwanja wetu umejengwa upya, umefunguliwa Disemba 2023, ni mzuri na tunajivunia, lakini haukujengwa kubeba Dar nzima. Siku ya fainali hata wenyeji wengi tiketi hatukuziona.

Kuhusu mzee, mlete. Ila usije naye siku ya mechi asubuhi. Vukeni jana yake, boti ya mchana, akae chini ndani, asipande juu kwenye upepo. Kila mtu aje na kitambulisho, bila hicho tiketi ya boti hupati. Kulala, tafuteni gesti za huku Ng'ambo, Mji Mkongwe ni bei za wageni. Kutoka bandarini Malindi mpaka Amaan si mbali, daladala zipo, ila kwa goti hilo chukueni taksi mgawane. Mfikishe getini mapema, kabla watu hawajaanza kusukumana, na umkatie tiketi ya jukwaa kuu lenye paa hata kama ni ghali zaidi. Nyinyi vijana na ngoma yenu kaeni juani.

---

Mhasibu Mstaafu:

Nijibu la bei, maana hapo watu huwa wanatukana klabu bila hesabu.

Chukua tiketi ya 5,000. VAT ya kawaida huku Bara ni asilimia 18 na imo ndani ya bei, kwa hiyo gawa kwa 1.18, unapata 4,237. Shilingi 763 zimeondoka kabla mpira haujapigwa. Katika hiyo iliyobaki kuna fungu la mwenye uwanja, la chama na wasimamizi wa mashindano, gharama ya tiketi zenyewe, ulinzi, gari la wagonjwa. Mwenye uwanja wake fungu la uwanja linarudi mfukoni kwake. Anayeazima linamtoka. Na anayeazima hapati ya maegesho, hapati ya vibanda vya chakula, mabango ya pembeni mara nyingine si yake. Kimebaki kiingilio peke yake, kwa hiyo anakikamua. Uwanja ukiwa mdogo anakamua zaidi. Sitetei, naeleza tu.

Sasa hilo la "waulize wenye mechi". Uwanja unapokodishwa kunatakiwa kuwe na karatasi. Karatasi hiyo ikiandikwa vizuri inasema vyoo vingapi vitafunguliwa, maji ya nani, umeme ukikatika jenereta la nani, geti linafunguliwa saa ngapi. Ikiandikwa hovyo inasema "uwanja utatumika tarehe fulani" na kiasi cha kulipa. Viwanja vingi vya mikoani ni vya CCM au vya halmashauri, klabu zinabadilika kila msimu, na hakuna anayetaka kununua pampu ya maji ya choo atakachokitumia mara chache kwa mwaka.

Lakini angalia kitu kikivunjika mwenyewe anavyopatikana upesi! Desemba 2024, mechi ya Simba na Sfaxien, viti 256 viling'olewa Kwa Mkapa. Vilihesabiwa kimoja kimoja, na Januari tukacheza na Constantine uwanja mtupu. Kama viti vilivyovunjika vinaweza kuhesabiwa kwa siku moja, mabomba yasiyotoa maji nayo yanahesabika.

Na msidhani huduma ni anasa. Mei 28, 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, watu walikanyagana nje ya geti Kwa Mkapa, shabiki mmoja akafariki na wengine wakaumia. Geti ni huduma ya kwanza kabla ya choo.

---

Mbongo wa Midlands:

Nipo Uingereza, naishi karibu na Coventry. Hapa wana kisa chao. Msimu wa 2013/14 Coventry City waligombana na wenye uwanja juu ya kodi ya pango, wakahamishia mechi za nyumbani Northampton, kama kilomita 55 kwenda tu. Mashabiki wengi wakagoma kununua tiketi. Pembeni ya ule uwanja kuna kilima, wakawa wanasafiri mpaka kule, wanapanda kilimani na mabango yao, wanatazama mechi kutoka juu bila kuwapa klabu senti. Septemba 2014 timu ikarudi. Si kilima peke yake kilichoirudisha, ila viti vitupu vilionekana kila wiki.

Nyinyi mnaweza kugoma?

---

Katibu wa Tandika:

Kaka, kugoma fainali ya Afrika? Tawi lingenivua ukatibu siku hiyo hiyo. Isitoshe Amaan ukigoma wewe, nafasi yako imeshachukuliwa na baba yake dada wa Ng'ambo.

---

Wa Busia:

Jirani zenu Kenya hapa. Nyinyi mnalia boti ya mwendo wa saa mbili? Harambee Stars Juni 2024 ilicheza na Burundi na Ivory Coast "nyumbani" Lilongwe, Malawi. Septemba ikaja Namboole, Uganda, kucheza na Zimbabwe. Sisi wa mpakani tulifurahia, Kampala ni karibu kwetu kuliko watu wa Mombasa wanavyodhani. Lakini yule wa Kayole, Nairobi, hakuona kitu. Machi 2025 tulipocheza na Gabon Nyayo, watu walikuja kama harusi, tukapigwa 2-1 na bado wakaimba. Kwa hiyo naungana na dada: uwanja ukihama, kuna anayepoteza na kuna anayepata, na huyo anayepata huwa haulizwi maoni yake kwenye redio.

---

Katibu wa Tandika:

Nimewasoma wote, na nimeusoma uzi huu kwa sauti kibarazani kwa tawi. Wamenituma niandike haya.

Dada wa Ng'ambo, hoja yako imewanyamazisha watu, hasa ya swala ya magharibi. Tumekubaliana hatutadai bei ishuke kwa ajili ya boti. Tunachotaka ni mgao. Mechi ikihamishiwa uwanja mdogo, sehemu ya tiketi zipitie matawini kwa kadi za uanachama, za Bara na za Visiwani, kwa majina, kabla ya kufunguliwa kwa wote. Mlanguzi hana kadi ya tawi. Na kama anayo, sisi tunamjua anakokaa.

Bei tunasema hivi: kama mwaka huu timu itatumia viwanja vitatu, klabu itangaze bei za vyote mapema, si siku tatu kabla. Mama ntilie anaweka akiba kwa kijiko. Ukimwambia mwezi kabla anafika, ukimwambia Alhamisi hafiki.

Na vyoo. Mhasibu, hilo la karatasi ya kukodisha limewashika sana wazee. Tunaandika barua kwa uongozi tuombe kwamba kila mechi ya uwanja wa kuazima, pamoja na tangazo la viingilio, itolewe namba moja ya simu ya mtu mmoja anayewajibika na mageti, maji na vyoo siku hiyo. Mwenye uwanja au mwenye mechi, sisi hatujali, ilimradi akipigiwa apokee. Kuna mjumbe amesema hawatatoa. Sawa, na sisi tutapiga picha za mapipa.

Mzee wa goti amekataa jukwaa kuu. Anasema huko watu hawashangilii, wanapiga makofi kama wako kwenye mahafali. Bado tunabishana naye.

Mhasibu, ile barua nikikutumia faragha utaipitia? Sitaki nichanganye hesabu za VAT mbele ya watu waliosoma.

---

Mhasibu Mstaafu:

Tuma. Na usiandike "vyoo viboreshwe". Andika vyoo vingapi kwa jukwaa lipi, la sivyo watakujibu kwamba vimeshaboreshwa.