Naomba ushauri: mteja kanunua kupitia linki yangu, kamisheni sifuri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, Mwanga. Natangaza bidhaa za watu mtandaoni kwa kamisheni, linki natupia kwenye magrupu ya WhatsApp. Juzi shemeji yangu wa Kasulu kanunua taa ya sola, risiti kanitumia, mimi kwenye akaunti nasoma sifuri. Kuchunguza, linki niliyokopi iliishia kwenye alama ya kuuliza. Kipande kinachofuata baada ya hapo, chenye namba yangu ya utambulisho wa mtangazaji, sikukibeba. Uzembe wangu, nakubali.

Sasa nakopi yote. Ila mtu akibonyeza leo kwenye simu, keshokutwa akanunua kwa kompyuta ya ofisini, nahesabiwa kweli? Na nitajuaje grupu lipi linaleta wateja, niweke alama tofauti kila linki? Mliopita huku nisaidieni.