Mackie 1202-VLZ Pro na SPX90: mwangwi haushuki, sauti imekuwa ya bomba

Ganuni_Ngambo
Assalaam alaykum wakuu. Nina studio ndogo chumbani, hapa Ng'ambo, Unguja. Narekodi zaidi kasida na taarabu: mwimbaji, ganuni, udi. Miksa ni Mackie 1202-VLZ Pro. Ami yangu aliyeko Maskati kaniletea Yamaha SPX90, mashine ya athari za sauti, na nataka riverbu (mwangwi) itoke humo, si kwenye kompyuta, maana waimbaji wangu wanataka kuusikia mwangwi huku wakiimba.

Nimetoa waya AUX SEND 1 (tundu la oksi, njia ya pembeni ya kupeleka sauti nje ya miksa) ukaingia SPX90, halafu sauti mbili zinazotoka nimezirudisha chaneli 5-6. Nikiteremsha mwimbaji mpaka chini kabisa, mwangwi wake unabaki palepale. Sauti yenyewe inasikika kama imo ndani ya bomba. Na nikigusa nobu ya oksi kwenye 5-6, spika zinapiga mluzi. Waya mbovu au mashine imechoka?

Fundi_Chumbageni
Wa alaykum salaam. Waya wazima na mashine nzima, usimpe mtu aifungue.

Tuanze na bomba, ndilo linaloharibu kazi. Sauti kavu ya mwimbaji, isiyo na mwangwi, tayari inapita kwenye miksa yako. SPX90 nayo, ukiiachia, inatoa sauti kavu pamoja na mwangwi, kwa hiyo sauti kavu zinakuwa mbili. Zikikutana mbili hizo bila kulingana sawasawa, masafa mengine yanapandishana na mengine yanafutana. Bonyeza BALANCE (uwiano wa sauti kavu na mwangwi), peleka 100%. Mashine itoe mwangwi mtupu. Ukavu uachie miksa.

Mwangwi kubaki: Oksi 1 ya miksa hiyo ina kitufe cha PRE na POST. Kwako kiko PRE, kwa hiyo sauti inakwenda SPX90 kabla haijafika kwenye nobu ya kiwango cha chaneli. Weka POST, au hamia Oksi 2 ambayo daima ni POST. Mimi ningehamia, ili Oksi 1 ibaki PRE kwa hedifoni za mwimbaji.

Mluzi: mwangwi unarudi 5-6, oksi ya 5-6 inaupeleka tena SPX90, unarudi tena, kila mzunguko umekua. Rudishia kwenye matundu ya STEREO AUX RETURN. Ukipenda kubaki 5-6 upate EQ (nobu za besi na sauti nyembamba) ya kupunguzia besi za udi kwenye mwangwi, ni sawa, ila oksi za chaneli hiyo zifungwe kabisa. Na nyuma ya SPX90 kuna swichi ya kiwango cha sauti, -20 na +4. Weka +4, ikiwa -20 Mackie itaizidi nguvu na sauti itakwaruza.

Watakuja watu kukwambia SPX90 ni ya kizamani, haipitishi zaidi ya 12 kHz. Ni kweli haipitishi. Kwa kasida mimi naona huo ndio uzuri wake: "s" na "sh" za mwimbaji hazichomi kwenye mwangwi, matamshi yanabaki mbele. Usiiuze.

Baba_Besi
Kwa nini asiichomeke tu kwenye inseti ya chaneli ya mwimbaji (tundu la kuitoa sauti ya chaneli nje na kuirudisha), BALANCE akaiweka 30%? Waya mmoja, kazi imekwisha.

Fundi_Chumbageni
Inawezekana mkuu, lakini mashine itakuwa ya mwimbaji peke yake, na ganuni itabaki kavu kana kwamba imerekodiwa nyumba ya pili. Kwa oksi, wote wanaingia chumba kimoja, kila mmoja kwa kiasi chake. Inseti ni ya kompresa (mashine ya kubana sauti inayopanda ghafla), kitu ambacho sauti yote lazima ipite ndani yake. Waya wake ni wa Y: ncha ya jeki inapeleka, pete inarudisha. Kwenye 1202 inseti ziko chaneli 1 hadi 4 tu.

Ganuni_Ngambo
Mkuu, Allah akulipe. BALANCE ilikuwa 50%. Bomba limeondoka, mluzi hakuna. Sasa, inawezekana mwimbaji asikie mwangwi lakini kompyuta irekodi sauti kavu?

Fundi_Chumbageni
Inawezekana. Chukua waya wa jeki ya kawaida ya mono, ingiza kwenye inseti ya chaneli yake mpaka usikie mlio wa kwanza tu, usisukume mpaka mwisho. Hapo unachota sauti baada ya TRIM (nobu ya kuongeza nguvu ya sauti inapoingia chaneli), na chaneli inaendelea na safari yake kama kawaida. Peleka waya huo kwenye kadi ya sauti. Hedifoni zibaki kwenye miksa, na mwangwi wa SPX90 mpe kadiri anavyotaka.

Jeki ikiwa nusu hivyo hulegea, kwa hiyo funga waya na mguu wa miksa usivutwe katikati ya kasida. Na kiwango cha kurekodi sasa ni TRIM peke yake. Nobu ya chaneli haigusi tena kinachoingia kwenye kompyuta.