Tupeane uzoefu: ukiingia porini au shambani unabeba mguu wa kuku (bastola) gani?

Mpunga wa Malinyi
Wakuu, salaam. Nina shamba la mpunga ekari 22 bonde la Kilombero, upande wa Malinyi. Kibali cha silaha kimetoka baada ya kuzungushwa na barua kama bahasha ya harusi: mtendaji, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mkoa, mpaka nikazoeana na makarani. Sasa dukani nimeoneshwa mbili, rivolva ya risasi sita na CZ, bastola ya Kicheki ya magazini (kasha la risasi la kuchomeka), ya risasi za 9mm. Bei hazipishani sana. Kila alfajiri natoka kambini kwenda kwenye mfereji kwa miguu, kilomita tatu, umande mpaka kiunoni. Viboko wapo, mbogo wapo, na wakati wa mavuno wapo na wale wenzetu wanaojua una hela ya vibarua. Mwenye uzoefu wa kutembea nayo nje, si wa kuiweka chini ya mto wa kulalia, aseme. Ipi uliipenda na kwa nini?

Babu Nyuki
Rivolva. Haina maneno mengi.

Kijana wa Ubungo
Nimekaa paleee, ngoja wenye hela zao waje.

Zamu ya Usiku
Magazini, mkuu. Rivolva ukimaliza sita unaanza kuchomeka moja moja huku mikono inatetemeka. Ila kwenye umande na tope la mpunga uifute kila siku. Mimi ya kwangu niliiacha wiki mbili kwenye kifuko cha ngozi kilicholowa, kuja kuivuta ina kutu kama jembe la mirathi. Ngozi inatunza maji, usiilaze humo.

Mstaafu 458
Mpunga, nimefanya kazi ya wanyamapori miaka 27, nikuambie ukweli usiokuwa na sukari. Bastola ni ya watu, si ya wanyama. Hiyo 9mm nguvu yake ni kama jouli 500. Bunduki ya .375, ambayo ndiyo tunaanzia kwa mbogo na tembo, inapita mara kumi ya hapo. Dume la mbogo lina kilo 700 na kichwani limevaa kofia ya mfupa. Ukilipiga na hiyo CZ unalitambulisha tu kwamba upo.

Niliwahi kuitwa kijiji kimoja, kuna bwana alimpiga kiboko risasi nne za bastola. Kiboko akarudi majini. Siku ya pili akatoka akiwa na hasira za risasi nne, na aliyemkuta njiani hakuwa yule bwana, alikuwa mama aliyekwenda kuchota maji. Sisi ndio tuliokwenda kummaliza yule mnyama. Sipendi kuisimulia zaidi ya hapo.

Mama Filimbi
Daah. Poleni.
Mimi ni mwanamke, shamba langu Rufiji, sina hata kisu cha maana. Nina tochi yenye mwanga mkali, filimbi, na mbwa wawili waoga sana. Mbwa mwoga ni bora kuliko jasiri, anakuambia mapema.

Mzaramo wa Anchorage
Naongea kutoka Alaska, mwaka wa tisa huku. Mstaafu nakuheshimu ila umetia chumvi. Huku kila anayekwenda kuvua samoni ana bastola kifuani, si kiunoni, kwa sababu kiunoni kuna maji na mikanda ya begi. Wazee wanabeba rivolva za .44 Magnum, vijana Glock 20 ya 10mm, risasi 15. Hata doria ya kijeshi ya Denmark kule Greenland, wanaosafiri na mbwa kwenye theluji, wanabeba hiyo hiyo 10mm kwa ajili ya dubu. Na mwaka 2016 mwongoza wavuvi mmoja wa hapa Alaska alimwangusha dubu mkubwa aliyekuwa anawajia kwa bastola ya 9mm. Kwa hiyo inawezekana.

Mstaafu 458
Umesema mmoja. Waliojaribu wakashindwa hawana simu ya kuandikia hapa.

Mzaramo wa Anchorage
Mzee, usinilishe maneno. Mimi mwenyewe kitu cha kwanza kukishika ni kopo la pilipili la kupuliza. Kuna utafiti wa 2008 wa matukio ya hapa Alaska, pilipili ilimzuia dubu zaidi ya mara tisa kwa kumi. Bastola ni ya pili. Shida ya kopo ni upepo ukikugeukia, halafu kwenye ndege hawakuruhusu kulibeba, unanunua jipya kila safari.

Kijana wa Ubungo
Ndugu yetu ameuliza mpunga wa Malinyi, nyie mko kwenye dubu na samoni. Tuletee basi na nyangumi.

Chui wa Nanyuki
Mimi ni Mkenya, Laikipia. Huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo ukimpiga ndovu utaeleza mbele ya hakimu, na "niliogopa" haitoshi. Nina leseni ya bastola lakini naibeba kwa ajili ya wezi wa mifugo. Ndovu akitokea tunaondoka tu, tunamwachia barabara yake. Si aibu.

Fundi Gobole
Kwa tembo hakuna kama kondomu.

Zamu ya Usiku
???

Fundi Gobole
Acheni akili chafu. Unachukua unga wa pilipili, unachanganya na mchanga, unatia ndani ya kondomu pamoja na fataki, unafunga, utambi nje. Vijana wa doria kijijini kwetu walifundishwa. Ikipasuka hewani linatanda wingu, tembo anageuza mwenyewe. Wanaanza na tochi, halafu honi, akikaidi ndiyo wanarusha hiyo. Tatizo lilikuwa mganga wa zahanati, alidhani kijiji kizima kimeingiwa na shetani, maboksi yanaisha siku mbili.

Mama Filimbi
😂😂 Nimecheka mpaka mbwa wamekimbia.

Mpima Mipaka
Wakuu, huu uzi umenigusa pabaya. Nilikuwa nasoma kimya ila hilo swali la "ipi uliipenda" limenirudisha Liwale, 2012. Mimi yangu nilimwachia tembo.

Wakati huo nilikuwa napima mipaka ya vijiji vinavyopakana na pori la akiba la Selous, kabla halijagawanywa. Nilikuwa na bastola ya Kichina, magazini ya risasi nane, kwa sababu nilikuwa nabeba posho za vibarua. Niliipenda ile chuma jamani. Jioni moja nikawaambia vijana watangulie, mimi nachimba dawa. Sasa kuchimba dawa na mkanda wenye kilo nzima pembeni hakuwezekani. Nikavua mkanda na kifuko chake, nikauweka juu ya kichuguu kwa heshima zote. Nipo katikati ya shughuli nasikia tawi linavunjika, kwaa! Halafu kimya. Halafu tumbo linanguruma, na halikuwa langu. Nikainua macho, mkonga ule pale, unanusa kichuguu.

Sikukimbia kama mtu. Nilikimbia na suruali mkononi, miiba yote ya Liwale inanijua. Nimefika kambini nahema, vijana wanacheka, na mimi nikaanza kucheka. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe.

Kijana wa Ubungo
MUNGU WANGU

Zamu ya Usiku
Usituache hapo mkuu

Mpunga wa Malinyi
Nilileta uzi wa kuchagua bastola, lakini endelea tu. Tafadhali endelea haraka.

Mpima Mipaka
Samahani, nilikuwa nahudumia mteja. Usiku ule sikulala. Nilimwomba msaidizi wangu turudi na tochi, akaniambia, "Bosi, bastola ni yako, roho ni yangu." Asubuhi tukarudi. Mkanda upo, umekanyagwa na kuzikwa kwenye mavi ya tembo. Kifuko kipo, kitupu. Kando yake alama za katambuga, vile viatu vya tairi, za mtu mmoja, zinaelekea bondeni.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyomwogopa tembo. Tembo hasomi namba ya silaha. Ikitumika kwenye ujambazi huko Nachingwea, jina la kwanza kutajwa ni langu. Nikaenda kuripoti mwenyewe, kituo sikitaji. Nikaeleza yote, kichuguu, mkonga, suruali. Askari aliyekuwa zamu akaandika ukurasa mzima kwa utulivu, akanisomea, nikasaini, akaniweka ndani. Siku mbili. Swali lilikuwa lile lile kila mara: "Umeiuza kwa nani?"

Mwanasheria wa Kijiweni
Kwa maoni yangu hapo walikosea kukuweka ndani wakati umeripoti mwenyewe. Na wewe ulikosea kuiacha silaha bila uangalizi. Kwa hiyo bila bila. Halafu kama kile kichuguu kilikuwa ndani ya pori la akiba, kuingia na silaha bila kibali cha wahifadhi ni kesi nyingine kabisa, ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Mpunga na wewe usikie hilo, mpaka wa hifadhi hauna rangi chini.

Mpima Mipaka
Mpaka nilikuwa naupima mimi, mwanasheria.

Babu Nyuki
😂 Ameishia.

Mpima Mipaka
Nikatoka kwa dhamana ya mtendaji. Kijijini mbiu imeshapigwa, aliyeokota arudishe, hataulizwa. Hakuna aliyejitokeza. Siku ya nne, jua linazama, akaja mzee mmoja kambini, mrina asali, amebeba ndoo ya lita 20. "Kijana, unanunua asali?" Nikamwambia mzee wangu, mimi nina msiba, asali ya nini. Akakaa chini, akavua katambuga zake, akazipanga mbele yangu. Akasema, "Hii ya leo ni nzito. Tia mkono uone."

Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ilikuwa imefungwa kwenye nailoni, lakini nailoni yenyewe ilikuwa imetoboka. Mzee aliogopa kuipeleka kwa mtendaji kwa sababu na yeye nyumbani ana gobole la babu yake lisilo na karatasi, na alijua polisi wakiingia kwake kwa bastola watatoka na gobole.

Zamu ya Usiku
Mkuu hii ni chai. Tena haina sukari, ina asali.

Kijana wa Ubungo
Chai ya maziwa kabisa. Asali ingeingia kwenye mtambo isingefyatuka tena.

Mpima Mipaka
Nani kakwambia nilifyatua? Niliipeleka kituoni vile vile inanata. Namba haikusomeka mpaka ilipooshwa kwa maji ya moto. Wakahesabu risasi, nane. Ingepungua moja tu, leo nisingekuwa hapa nabishana na wewe. Yule askari wa zamu alipomaliza kuandika nilimwona kwa macho yangu analamba kidole.

Mstaafu 458
Mimi namwamini. Warina asali wa kule nawajua, wanaficha vitu vikubwa kuliko hivyo.

Fundi Gobole
Hapo kwa mzee mwenye gobole la babu nisiguswe.

Mwanasheria wa Kijiweni
Jina lako la humu linatosha kukukamata.

Mpunga wa Malinyi
Jamani turudi. Rivolva au magazini?

Mzaramo wa Anchorage
Yoyote, lakini ivae kifuani. Ukichimba dawa huivui.

Chui wa Nanyuki
Hiyo ndiyo pointi ya maana tangu asubuhi.

Babu Nyuki
Rivolva. Nilishasema.

Zamu ya Usiku
Magazini, na uizoee kwanza kwenye uwanja wa shabaha, si kwenye mfereji. Chemba ya risasi iwe tupu ukiwa na vibarua karibu.

Mstaafu 458
Nunua unayotaka kwa ajili ya hao wenzetu wa mavuno. Kwa ajili ya mbogo, usitoke alfajiri. Subiri jua lipande, umande ukauke, uone mbele. Mpunga hauna haraka hiyo.

Mama Filimbi
Mpima Mipaka, swali dogo. Ile asali ilikwenda wapi?

Mpima Mipaka
Nililipa ndoo nzima, bila kupunguziwa hata shilingi. Niliibeba nyumbani, tukala miezi saba, tukagawia na majirani. Mke wangu mpaka leo anasema hajawahi kuonja asali kama ile ya Liwale, na mimi sijamwambia kitu.